Niuze IST ninunue Prado ya dizeli? Jibu kwa msomaji wa Kibaha

Swali: "Shikamoo fundi. Nina miaka 41, naishi Kibaha na kazi yangu iko Posta, Dar es Salaam. Gari langu la kwanza lilikuwa Starlet namba A. Niliiuza, sasa nina IST namba D ambayo haijawahi kunisumbua. Lakini tangu utotoni kijijini kwetu, kule Mbinga, ndoto yangu ni Land Cruiser. Nakumbuka gari la mkuu wa wilaya likipanda mlima kwenye tope, sisi watoto tunalikimbilia nyuma. Sasa nimepata Prado TX ya 2003, dizeli D-4D, namba C, mwenyewe anataka milioni 32. Nina akiba ya milioni 22 na IST imeshapata mteja wa milioni 10. Dalali ananiambia D-4D inakula mafuta karibu sawa na IST. Mke wangu hataki hata kusikia, anasema tutaishia kuliweka juu ya mawe. Kila Desemba tunakwenda nyumbani, na kilomita 20 za mwisho ni tope tupu. Au niagize Japani? Nishauri."

Marahaba, mdogo wangu. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate: IST usiiuze. Na hiyo Prado usiitolee hata malipo ya awali mpaka ipimwe asubuhi, ikiwa baridi, na fundi ambaye si wa dalali.

Tuanze na dalali mwenyewe, maana kwenye mafuta hayuko mbali na ukweli, na ukweli huo ndio unaokuvuta. Kibaha hadi Posta ni kama kilomita 40. Kwenda na kurudi ni 80, na kwa siku 22 za kazi unatembea kilomita 1,760 kwa mwezi. Bei ya mafuta EWURA, wasimamizi wa nishati, wanaitangaza upya kila mwezi, kwa hiyo hapa nakadiria shilingi 3,000 kwa lita, wewe weka bei ya mwezi wako. IST kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro tuipe kilomita 12 kwa lita. Hapo unachoma lita 147, yaani shilingi 440,000 hivi. Prado ya D-4D yenye afya, otomatiki, foleni ileile, tuipe kilomita 9. Hiyo ni lita 196, shilingi 587,000. Tofauti ni kama laki moja na nusu kwa mwezi. Si sawa na IST, lakini kwa mtu mwenye mshahara na mpango mzuri si tofauti ya kuvunja nyumba. Ungeniambia ni Prado ya petroli lita 2.7, ningekuhesabia kilomita 7 kwa lita, ambayo ni zaidi ya shilingi 750,000 kwa mwezi. Ile ya V6 lita 4.0 inakaribia milioni moja.

Ndiyo maana dizeli hizi zinanunuliwa haraka. Mtu anapiga hesabu ya mafuta, anaona imekaa vizuri, analipa. Hesabu inayoumiza haiko kituo cha mafuta.

Injini ya Prado hiyo, ndiyo hiyo D-4D, inaitwa 1KD-FTV, lita 3.0, silinda nne, ina turbo. Ilianza kufungwa kwenye Prado mwaka 2000, kwenye lile toleo la 90, ikachukua nafasi ya 1KZ-TE ambayo ugonjwa wake ulikuwa kupasuka silinda hedi. Nguvu ya 1KD haina ubishi. Mlima Kitonga itaupanda imejaa watu na mizigo, na kiyoyozi kinafanya kazi. Ugonjwa wake uko kwenye nozeli, zile zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda. Kila nozeli inakalia washa ndogo ya shaba inayoziba moto wa silinda usipande juu. Washa ile ikichoka, gesi ya moto inapenya hadi chini ya kava la vali, mahali oili inapozunguka. Masizi yanaingia kwenye oili, yanashuka nayo mpaka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, yanaganda kwenye kile kichujio ambacho pampu ya oili inavutia. Kidogo kidogo njia inaziba. Siku moja uko Chalinze au Mikumi, taa ya oili inawaka muda mfupi tu, na kabla hujapata pa kuegesha injini imeshanoki.

Nimewahi kusimama chini ya Prado ya aina hiyo wakati sampo inashushwa. Mwenye gari alikuwa mtu makini, risiti zake za kubadilisha oili zote alikuwa nazo kwenye bahasha. Kichujio kilikuwa kimezibwa na masizi meusi, makavu, kama chujio la chai lililokaa wiki nzima bila kuoshwa. Nilijaribu kuyabandua kwa ukucha, hayakutoka. Matundu yaliyokuwa bado wazi yalikuwa machache, yote upande mmoja. Oili aliyokuwa anamwaga kila mara ilitoka safi kiasi, kwa sababu uchafu wenyewe ulikuwa umebaki ndani.

Kuna na mkanda wa taimingi. IST yako ina cheni, kwa hiyo suala hili hujawahi kuliwazia. 1KD ina mkanda, na mkanda ukikatika vali zinagongana na pistoni. Kwenye dashibodi kuna taa imeandikwa T-BELT, kazi yake ni kumkumbusha mwenye gari kuwa kilomita za kubadilisha mkanda zimefika. Taa hiyo inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa, na wapo wanaofanya hivyo kabla ya kuuza. Taa kutowaka isikutulize.

Sasa upimaji. Mwambie muuzaji gari lisiwashwe siku hiyo mpaka ufike. Ukifika, kabla hata ya salamu kuisha, weka kiganja juu ya boneti. Likiwa la moto, rudi siku nyingine, maana nozeli zilizochoka hujificha injini ikishapata joto. Likiwa baridi, liwashe wewe mwenyewe. Sikiliza dakika ya kwanza: mlio wa kugonga ulio mkali kuliko kawaida ya dizeli, kutetemeka, au moshi mweupe unaoendelea ni dalili mbaya. Kisha fungua kifuniko cha kujazia oili huku injini inanguruma. Hewa kidogo ni kawaida, lakini pumzi inayosukuma kifuniko au moshi unaotoka kwa nguvu inakwambia gesi inapita mahali isipotakiwa kupita. Baada ya hapo fundi achomeke kompyuta asome marekebisho ya kila nozeli injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Zitatoka namba nne. Kila moja isizidi 3 juu au chini ya sifuri, na zisitofautiane sana. Mwisho, omba sampo ishushwe. Najua muuzaji atanung'unika. Lipia wewe kazi hiyo na oili mpya. Mtu anayeuza gari la milioni 32 akikataa kichujio kisitazamwe kwa gharama yako, ameshakujibu.

Kilomita za kwenye dashibodi usizitegemee, hurudishwa. Kuna mahali pengine pa kusoma. Fungua boneti na mlango wa dereva utafute stika za karatasi zilizobandikwa na gereji za Japani wakati wa kubadilisha oili au mkanda. Mwaka unaoandikwa pale mara nyingi ni wa hesabu yao, enzi ya Heisei, ambayo mwaka wake wa kwanza ulikuwa 1989. Kwa hiyo chukua namba unayoiona uongeze 1988. Stika ikisema mwaka wa 22, ni 2010. Sasa ikiwa mwaka huo gari lilikuwa na kilomita 148,000 na leo dashibodi inakuonyesha 121,000, huna haja ya kubishana na mtu, funga mlango uondoke. Stika hizo zimesahaulika kwenye magari mengi kwa sababu hazisomeki kwa walio wengi, na ndiyo heri yetu.

Tazama pia namba ya chasisi. Kwenye Prado imegongwa kwenye chuma chenyewe cha chasisi, upande wa kulia mbele, karibu na tairi. Dizeli ya 1KD ianze na KDJ. Ukikuta RZJ au TRJ, gari hilo lilizaliwa na injini ya petroli, na hiyo dizeli imepandikizwa. Linganisha namba ya injini na ile ya kwenye kadi, halafu jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayepokea pesa. Ukiwa umelala hapo chini, gonga chasisi kwa bisibisi kuanzia mbele mpaka nyuma. Gari lililokaa pwani au lililotoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, linaweza kung'aa juu huku chini linameguka.

Tuseme imepita vipimo vyote. Hata hivyo bado sikushauri, na hapa nakubaliana na mkeo moja kwa moja. Milioni 22 ukiongeza milioni 10 ni milioni 32. Prado ni milioni 32. Umeona? Siku unapokabidhiwa ufunguo huna akiba, na huna IST. Gari la mtumba la umri huo huwa lina bili yake ya mwaka wa kwanza, hata likiwa zima. IST yako, kama ni ya kuvuta mbele tu, ina sehemu mbili za kuwekea mafuta: injini na giaboksi. Prado hiyo ina tano: injini, giaboksi, ile boksi ya kugawa nguvu, difu ya mbele na difu ya nyuma, maana toleo hilo fowili yake, yaani nguvu kwenda tairi zote nne, ni ya wakati wote. IST ina uzito wa kama kilo 1,000. Prado inakaribia kilo 2,000, na uzito huo ndio unaokula tairi, pedi za breki, shokapu, bushi na boljointi. Kila kimoja ni kikubwa zaidi na kina bei zaidi. Spea zinapatikana, hilo silo tatizo. Kariakoo na Ilala hukosi kitu cha Prado. Tatizo ni kwamba nozeli nne mpya halisi ni suala la mamilioni, na wewe utakuwa umebaki na mshahara tu.

Kanuni yangu kwa kila anayeniuliza kuhusu gari la chasisi la mtumba ni kwamba robo ya bei ibaki benki baada ya kununua. Kwa Prado ya milioni 32 hiyo ni milioni 8, nje ya ada ya shule na dharura za nyumbani. Asiye nayo hajafika bado kwenye gari hilo, hata kama bei anaiweza. Ndipo magari yanapopanda juu ya mawe. Pita mtaa wowote wa Kibaha, Mbezi au Kimara utaziona Prado, Surf na Discovery zimefunikwa turubai. Nyingi hazikuharibika vibaya. Ziliharibika kitu kimoja siku ambayo mwenyewe hakuwa na kitu, akasubiri, betri ikafa, tairi zikakauka, panya wakaingia kwenye nyaya.

Nisikilize na kwenye hili la ndoto, maana sitaki uone naidharau. Kila kizazi kina gari lake. Wakubwa wangu waliota Peugeot. 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo, 1966 hadi 1968. 504 nayo ikashinda 1975 na 1978, na mtu aliyeikuta imepaki nje ya nyumba alijua humo ndani kuna mkubwa. Wengine waliota Land Rover 109. Wewe ulikutana na Land Cruiser kwenye tope la Umatengo, huko kwenu Mbinga. Gari hilo limejenga sifa yake tangu 1951, pale Toyota walipotengeneza BJ yao ya kwanza, babu wa Land Cruiser, na sifa hiyo si ya kubuni.

Lakini lile gari la mkuu wa wilaya ulilolikimbilia halikuwa la mtu. Lilikuwa la ofisi. Lilikuwa na dereva aliyeajiriwa, kitabu cha safari, fungu la mafuta, na gereji ya serikali iliyokuwa inalisubiri, kazi ambayo siku hizi inafanywa na TEMESA, wakala wa ufundi wa serikali. Magari ya misheni yalikuwa hivyohivyo, na ya mashirika. Injini ikifa, mkuu wa wilaya hakupunguza chakula cha watoto wake. Karibu kila gari tulilolitamani tukiwa wadogo lilikuwa na taasisi nyuma yake, na sisi tulichoona ni gari tu likipanda mlima. Sasa tukiwa watu wazima tunanunua gari lilelile na kuliingiza kwenye mshahara wa mtu mmoja. Starlet na IST zilikupa picha kwamba kumiliki gari ni mafuta, oili na tairi. Zilikulea vizuri, na hizo ni gari zilizotengenezwa kwa ajili ya mtu wa kawaida. Prado si ngazi inayofuata baada ya IST. Ni aina nyingine ya maisha ya gari.

Kuhusu kuagiza Japani, kwa bajeti yako lisahau kwa sasa. Prado ya umri huo ikifika bandarini inakutana na ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, ushuru wa uchakavu kwa sababu ya umri, na VAT ya asilimia 18 juu ya jumla hiyo. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, uweke mwaka na modeli, utaona mwenyewe.

Basi ufanye nini? Ukinipa nafasi ya kuamua, ningebaki na IST, na ile laki moja na nusu ya tofauti ya mafuta ningeiongeza kwenye akiba kila mwezi kana kwamba Prado tayari ninayo. Kwa mwaka ni milioni 1.8 hivi. Utajipima kama unaweza kuubeba mzigo wake kabla hujaununua. Siku akiba ikitosha bei pamoja na ile robo, tafuta Prado ya petroli, lita 2.7, ambayo namba yake ya chasisi inaanza na TRJ. Injini yake ni 2TR-FE, ina cheni, haina turbo, haina nozeli za bei mbaya, na haina makuu. Inakunywa, ndiyo, lakini hutakwenda nayo Posta. IST iendelee na foleni, Prado iwe ya safari na ya familia. Watu wanaodumu na magari haya miaka mingi, wengi wao wamejipanga hivyo.

Kama hutaki kungoja na unataka gari moja linalofaa kote, tazama Toyota Rush. Najua si Prado na sitakwambia ni Prado. Lakini ina injini ya lita 1.5, imeinuka sentimita 20 kutoka chini, na yenye namba ya chasisi J210E ina fowili ya wakati wote pamoja na kufuli la difu ya kati, ambalo kwenye utelezi wa udongo ndilo litakalokuvusha. Angalia sana hapo: J200E inasukuma kwa tairi za nyuma tu, na kwa nje zinafanana. Kwa kilomita zako, ukiipa 11 kwa lita, ni kama shilingi 480,000 kwa mwezi. Ukiuza IST na kuongeza sehemu ya akiba, unaipata na unabaki na kitu. Giaboksi na difu zisitoe mlio, na ukikuta mtu anasema ni fowili mwambie aifunge ile swichi ya kufuli mbele yako, taa iwake.

Kwa Desemba hii usijitese. Kutoka Songea hadi Mbinga ni lami, na lami imekwenda mpaka Mbamba Bay. IST itafika Mbinga mjini bila shida ukishaikagua bushi za mbele, breki na rejeta, kwa sababu kushuka mlima wa Lukumburu ukiwa umejaza kunataka breki nzima. Mvua huko zinakuwa zimeshaanza. Liache gari kwa ndugu au kwenye nyumba ya wageni yenye ulinzi, ukodi Land Cruiser ya wenyeji kwa hizo kilomita 20. Madereva wale wanaijua kila kona ya mlima huo, na wewe na watoto mtakaa nyuma mnafurahia gari unalolipenda. Unalipa siku mbili, za kwenda na kutoka.

Na kama moyo bado umeng'ang'ania hiyo ya namba C, mpeleke fundi asubuhi, afanye kama nilivyoeleza, halafu nitumie zile namba nne za nozeli na picha ya kichujio. Nitakusomea, na kama ni nzima nitakwambia ni nzima.